MOTOKARI YA UMEME KATIKA POTOPOTO: INAWEZA KUPITA NA KUKOKOTA MZIGO?



Tangu mvua zianze, swali moja linazunguka katika madarasa yetu. Lilianzia katika somo la fizika, likatoka nje mpaka kwenye kiwanja cha mpira, na sasa hata wapishi wanalijadili wakisonga bukari. Wengine wanasema: “Mutoka ya kuran ni ya mu balabala ya muzuri. Mu potopoto itafwa tu.” Wengine wanajibu kwamba hata simu ya mukononi watu walisema haitafika kijijini, na imefika. Sisi wa gazeti tumeombwa kuandika kidogo juu ya jambo hili, na tumekubali, maana linatugusa sisi watu wa Katanga kuliko watu wengi wanaolisemea ngambo.

Juu ya nini linatugusa? Kwanza, shaba na kobalti zinazoingia katika motokari hizi zinachimbwa kwetu, Kolwezi, Fungurume, Likasi. Karibu sehemu 7 kwa 10 za kobalti yote inayochimbwa duniani zinatoka Kongo. Pili, kati yetu wako wale wa mwaka wa mwisho ambao karibuni watachagua kazi. Mmoja anataka kuwa fundi wa motere za mazuti kama baba yake, mwingine anasema mazuti itakwisha, afazali umeme. Miaka mitano ya kujifunza kazi si kitu cha kuchezea. Basi tuangalie mambo yenyewe, bila kusifu na bila kuchekelea.

Tuanze na nguvu, maana hapo ndipo watu wengi wanafikiri umeme ni dhaifu. Motere ya mazuti haiwezi kuvuta kitu ikiwa imesimama. Ni lazima kwanza izunguke mara mia kadha kwa dakika, ndipo shofere aachilie ambreyaji pole pole, akichagua vitesi. Ninyi nyote mumeona kamyo iliyozama: shofere anakanyaga, motere inalia, magurudumu yanazunguka burebure, potopoto inarukia watu wanaosukuma, na kamyo inazidi kushuka. Shida pale siyo nguvu kukosekana. Shida ni kwamba nguvu inafika kwa ghafula, na tairi linakosa kushika udongo. Motere ya umeme iko na tabia nyingine. Nguvu yake ya kuzungusha iko tayari yote tangu gurudumu lingali limesimama, na inaweza kupimwa kidogo kidogo, kama mutu anayefungua robine ya maji. Gurudumu likianza kuteleza, chombo kinachoongoza kuran kinasikia na kupunguza mbele shofere hajatambua. Kuna motokari kama Rivian R1T ya Marekani ambazo zilitengenezwa na motere nne, kila gurudumu na yake. Hakuna ambreyaji ya kuungua. Tena motere ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haimezi maji wakati wa kuvuka mto. Lakini musifikiri kwamba hiyo inafanya motokari kuwa samaki: Toyota inasema Hilux yake ya umeme inaweza kuingia katika maji ya sentimeta 70, sawasawa na ile ya mazuti.

Kwa wale ambao hawasadiki, tuwakumbushe motokari iliyokwenda mbali na lami kupita zote. Mwaka 1971 Wamarekani wa Apollo 15 walitembea juu ya mwezi katika kigari cha umeme. Kilikuwa na uzito wa kilo 210 tu, kikabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake, na kila gurudumu lilikuwa na motere yake ndogo. Kule hakuna hewa, mazuti ingewakaje? Mwaka 1972 wale wa Apollo 17 walitembea na kigari cha namna ileile kilometa karibu 36 katika mavumbi na mawe. Ni kweli kwamba mwezini uzito wa kitu ni sehemu moja kwa sita ya uzito wake hapa, na bateri zile hazikujazwa tena, na kigari kilibaki huko mpaka leo. Jambo hili la mwisho mulikumbuke, tutalirudia.

Na habari ya kukokota? Hapa hatuna haja ya kwenda mwezini. Mwaka 1952 kampani ya BCK iliweka nyaya za umeme juu ya njia ya reli kati ya Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati ule, na Tenke. Ilikuwa kuran ya namna ileile ya herzi 50 inayotumiwa katika manyumba, na hiyo ilikuwa kabla ya njia nyingi za reli za Ulaya kufanya vile. Kisha waya ukaendelea, mpaka reli zenye umeme katika sehemu zetu zikapita kilometa 800. Umeme ulitoka katika maporomoko ya maji: Mwadingusha juu ya mto Lufira tangu mwaka 1930, kisha Koni, na Nzilo na Nseke juu ya Lualaba. Lokomotivi hizo zilikokota shaba ya Katanga tani kwa maelfu. Hata lokomotivi nyingi za mazuti munazoziona zinapita, ndani yake motere ya mazuti inazungusha jenereta tu, na motere za umeme ndizo zinazozungusha magurudumu. Kwa hiyo mutu akisema umeme hauwezi kukokota, mupelekeni tu kwenye gare ya Lubumbashi.

Sasa ndipo tufike kwenye shida yenyewe. Lokomotivi ya umeme haibebi chakula chake. Inakula njiani, kutoka waya iliyo juu ya kichwa. Motokari ya umeme katika pori haina waya, inabeba chakula chake mgongoni, na chakula hicho ni kizito.

Tufanye hesabu, chukueni kalamu. Lita moja ya mazuti ina nguvu ya kilowati-saa karibu 10. Rezervuari ya lita 80 ina basi karibu 800. Motere ya mazuti inapoteza nyingi katika joto na moshi. Tuseme theluthi moja ndiyo inafika kwenye magurudumu, yaani karibu 270. Na mazuti yale yana uzito wa kilo 67 hivi. Sasa tazameni Hilux ya umeme ambayo Toyota ilionyesha mwezi wa Novemba 2025. Bateri yake inashika kilowati-saa 59. Motere ya umeme haipotezi sana, kwa hiyo karibu 50 zinafika kwenye magurudumu. Bateri ya ukubwa huo, kwa vipimo vya siku hizi, inakaribia kilo 400. Munaona? Kilo 67 zinatoa 270, na kilo 400 zinatoa 50. Tukitaka bateri itoe sawa na ile rezervuari, tutahitaji bateri ya tani mbili hivi, na pikapu yenyewe inabeba tani moja tu. Hata ile bidoni ya lita 20 ambayo mashofere wanafunga nyuma ya Land Cruiser, bidoni moja tu, inafikisha kwenye magurudumu nguvu kuliko bateri nzima ya ile Hilux.

Toyota wenyewe hawakuficha. Hilux ya mazuti inaruhusiwa kukokota remorke ya kilo 3,500. Ile ya umeme, kilo 1,600. Mzigo wa kupakia, kilo 715. Na mwendo wake kwa bateri moja ni kilometa 240 hivi, kwa kipimo cha Ulaya, barabara nzuri, bila remorke.

Barabara nzuri! Tuongeze potopoto kidogo. Kukokota tani 3 juu ya lami kunaomba nguvu ya kilo kama 40 kwa kushinda ugumu wa magurudumu. Katika mchanga au udongo laini, nguvu inayoombwa inaweza kupita kilo 300, mara saba au nane zaidi. Kwa nguvu hiyo, kila kilometa moja inakula karibu kilowati-saa 0.8, na zile 50 zinakwisha katika kilometa 60. Ni kweli njia haiwi mbaya hivyo tangu mwanzo mpaka mwisho, kuna fasi kavu, kuna fasi ngumu. Tukikata tu nusu ya zile 240, tutabaki na kilometa 120. Hata waliojaribu zile pikapu kubwa za Marekani, Rivian na Ford F-150 Lightning, wakizifunga remorke nzito juu ya lami, waliona mwendo unapunguka nusu hivi, mara nyingine kupita nusu. Kule sababu kubwa ni upepo, maana remorke kubwa inasukuma hewa kama ukuta. Kwetu upepo si kitu, hakuna anayekimbia katika mashimo. Kwetu ni udongo. Kilometa 120 ni kutoka Lubumbashi mpaka Likasi. Na kutoka Likasi mpaka Mitwaba ni zaidi ya kilometa 250, njia ambayo wanafunzi wetu waliozaliwa upande ule wanaijua kwa mgongo wao.

Watu watasema: mazuti nayo inakwisha haraka katika potopoto. Kweli kabisa, kamyo inakula mara mbili. Lakini mazuti inauzwa njiani katika chupa, mama ameiweka juu ya meza pembeni ya nyanya. Kuran haiuzwi katika chupa.

Na kuijaza tena? Kwa prize ya kawaida ya nyumbani, volti 220 na ampere 10, unapata kilowati 2.2. Gawanyeni 59 kwa 2.2: ni karibu saa 27, kama kuran haikatiki. Hatuhitaji kuwaeleza watu wa Lubumbashi maana ya delestaji. Sisi wenyewe tunasoma kwa taa ya simu wakati wa mitihani, huku waya mkubwa kutoka Inga, ule uliofika Kolwezi karibu mwaka 1982 baada ya kupita kilometa 1,700 hivi, unaleta kuran ya kuyeyusha shaba. Kuna vyombo vya kujaza upesi, nusu saa au saa moja, lakini vinaomba kuran ya mtaa mzima. Katika misioni ya mbali mutu anaweza kuweka mabamba ya jua. Mabamba 10 ya wati 400, jua zuri la saa tano: kilowati-saa 20 kwa siku. Siku tatu kwa kujaza Hilux. Wakati wa kiangazi hiyo haiko mbaya hata kidogo, na jua halitumi fakture. Mwezi wa pili, mawingu yakikaa juma nzima, itakuwa habari nyingine.

Basi ni nani ametumia motokari hizi katika pori na akafaulu? Wako. Huko Tanzania, kampani moja ya safari, Mount Kilimanjaro Safari Club, iliingiza motokari ya umeme katika Serengeti mwaka 2018, ikijazwa kwa jua. Huko Kenya, kampani ya Opibus, iliyoanza mwaka 2017 Nairobi na kisha ikaitwa Roam, ilitoa motere ya mazuti ndani ya Land Cruiser za zamani na kuweka ya umeme. Kambi ya Emboo katika Maasai Mara ilizitumia. Zinapita katika udongo mweusi wa Mara, unaoshika tairi kama gundi. Lakini angalieni kazi yake: motokari inatoka asubuhi, inatembea pole pole, inasimama mbele ya simba, na mangaribi inarudi fasi ileile, kwenye mabamba yaleyale. Haikokoti kitu. Kelele haina, na nyama hazikimbii. Kazi inafaa chombo, chombo kinafaa kazi. Wanafunzi wapenda ufundi waone pia hili: Opibus haikungoja motokari mpya kutoka kiwandani. Ilichukua za zamani na kuzibadilisha Nairobi pale pale. Land Cruiser za zamani ndizo zimejaa Lubumbashi.

Mfano mwingine ni wa machimbo, na hapa ndipo sisi tunaona jambo zuri kupita yote. Karibu na Biel, nchi ya Uswisi, kuna kamyo ya Komatsu iliyogeuzwa kuwa ya umeme, yenye bateri ya kilowati-saa 600. Inapanda mlima tupu na kushuka na tani karibu 65 za mawe ya kutengeneza simenti. Ikishuka, uzito wa mawe unazungusha motere kinyume, motere inakuwa jenereta, bateri inajaa. Mara nyingine inarudisha kuran kuliko iliyokula. Watu wakisikia hivi wanadhani ni uchawi au ni uongo. Si uchawi, ni mlima ndio unaolipa: mawe yalikuwa juu na sasa yako chini.

Lakini kwetu mambo yamegeuka. Shimo la Kolwezi ni shimo: kamyo inashuka tupu na kupanda imejaa. Hakuna zawadi ya kuteremka. Ndiyo sababu huko Kansanshi, karibu na Solwezi katika Zambia, fasi ambayo kwa ndege haipiti kilometa 150 kutoka hapa Kasapa, kampani ya First Quantum ilifanya kama BCK ya zamani. Iliweka nyaya juu ya njia ya kupandia. Kamyo kubwa ya mazuti ikifika kwenye mpando inainua mikono yake, inashika waya, na inapanda kwa kuran, haraka kuliko kwa mazuti. Ikifika juu inaachilia na kuendelea kwa motere yake. Mwaka 2024 Hitachi ilileta huko kamyo ya bateri kwa kuijaribu, inayobeba tani zaidi ya 200, ambayo bateri yake inajazwa na waya huohuo wakati kamyo inapanda. Munaona namna reli ya mwaka 1952 imerudi juu ya tairi. Waya pale inafaa kwa sababu njia ni moja, inapitwa mchana na usiku, na mwenye njia ni mwenye kamyo. Nani ataweka waya mpaka Mitwaba?

Kuteremka kuna faida hata kwa motokari ndogo, tusiipuuze. Motokari ya tani 3 ikishuka mita 500, kama mutu anayetoka juu ya Kundelungu, inaweza kurudisha kilowati-saa 3 hivi. Ni kidogo, lakini freni haziungui, na motokari inashuka pole pole juu ya udongo wa mvua bila kuteleza. Shofere aliyewahi kusikia harufu ya freni zinazoungua atalipenda jambo hilo kuliko kuran yenyewe.

Uzito, kwa upande mwingine, haupendezi. Rivian tuliyoisema inapita tani 3 ikiwa tupu. Juu ya daraja la miti, au katika kinamasi, tani 3 ni tani 3, hata motere iwe na akili namna gani. Na bateri imelala chini ya sakafu, fasi ileile ambayo mawe ya njia zetu yanapiga. Wanaweka bamba la chuma kwa kuikinga, na bamba nalo linaongeza uzito.

Kwa hiyo kama mutu angetuuliza leo, tungejibu hivi. Kwa kutoka Kasapa kwenda mjini na kurudi, kuleta mikate, sabuni, wagonjwa, hata katika zile fasi ambazo mvua imechimba mitaro, motokari ya umeme inaweza kazi hiyo na ingekuwa ya bei ndogo kwa kila kilometa, ikiwa iko na mabamba ya jua au kuran ya uhakika. Kwa kambi ya wanyama, shamba kubwa, chimbo: ndiyo, kila mara chombo kinarudi nyumbani. Kwa kamyo inayokwenda kuleta mahindi na makala mbali, na remorke nyuma, juma mbili njiani, mazuti ingali bwana, na tunafikiri itabaki bwana miaka mingi. Afazali kusema hivyo kuliko kudanganya wazazi wetu wa vijijini, maana kamyo ikikwama na mahindi ndani, mahindi yanaoza, na mwenye kulipa ni aliyelima.

Juu ya wale wanaochagua kazi: yule wa mazuti hatakosa kula. Matope yanakula ruluma, amortiseri na freni za motokari yoyote, na kazi hiyo haibadiliki. Filtre, pompe ya mazuti na enjekteri ndizo zitakazopunguka pole pole. Yule wa umeme naye ajue kwamba kuran ya motokari hizi siyo ya bateri ya volti 12 tunayoigusa kwa mukono. Ni volti 400 hivi, nyingine 800, na inaua. Nyaya zake zina rangi ya machungwa kwa kusudi. Mutu asiyefundishwa asizifungue, hata kama motokari imezimwa.

Na tusisahau kwamba bateri nazo zinabadilika. Nyingi za siku hizi zinatengenezwa kwa chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Ni nzito zaidi lakini bei yake iko chini. Serikali yetu ilisimamisha kutoa kobalti ngambo mwezi wa Februari 2025, kisha tangu Oktoba ikaweka vipimo, kwa sababu bei ilianguka sana. Shaba, kwa upande wake, haina wasiwasi: motokari ya umeme inaomba shaba mara tatu hivi kuliko ya mazuti. Na litiamu iko Manono, kule kule mwisho wa ile njia ya Mitwaba ambayo motokari ya umeme haiwezi kuimaliza.

Mwenye kutaka kurudia hesabu zetu azifanye na motokari anayoijua: uzito, rezervuari, kilometa. Majibu yaletwe kwa halmashauri ya gazeti mbele ya Ijumaa, yameandikwa vizuri, upande mmoja tu wa karatasi, maana stensili haisomi herufi ndogo.